Raundi ya Awali, Ghorofa ya Tisa

Si kombe lenyewe. Nemesio alinieleza mapema,
tangu Januari, tukipanga ndoo ndani ya lifti:
hii ni raundi ya awali, ya kwanza.
Ukivuka, kuna ya pili. Ukivuka, kuna ya tatu.
Ndipo makundi. Ndipo kombe.
Nikamwambia kwetu huo ni mchujo,
na nazi nayo huchujwa mara tatu,
ila tui zito hutoka la kwanza.
Ninyi mmeipindua nazi.
Akacheka, bila kujua nimesema nini hasa.
Kiingereza chetu, chake na changu, ni cha mafagio.

Wiki iliyopita, nyumbani, Sporting Kollpani
waliwafunga wageni mbili bila.
Kule kwao uwanja umekaa mita elfu nne juu,
mpira hukimbia kuliko pumzi,
na wageni walinyonya chupa za oksijeni
kama vitoto vya wiki moja.
Leo mkondo wa pili. Ugenini. Pwani,
ambako hewa, asema, ni nzito kama uji.

Na sisi tuko London, mtaa wa mabenki, Februari.
Saa sita na nusu usiku kipenga kinalia.
Mtandao unashika mahali pamoja tu:
kona ya mwisho, kando ya printa,
simu igusane na kioo, na paji la uso liguse simu.
Chini yetu, ghorofa ya nane, yupo Bi Lurdes msimamizi.
Hapandi ngazi kwa sababu ya goti,
ila anasikiliza dari.
Mashine mbili zikinguruma, tunafanya kazi.
Ikinyamaza moja, simu ya mezani inalia.

Basi nilisukuma zote mbili.
Moja kulia, moja kushoto,
kama mtu aswagaye ng'ombe wasiopatana,
nikizunguka meza za watu nisiowajua,
picha za watoto wao, viatu vyao vya akiba,
na kila nikipita konani nauliza: "Ngapi?"
Anainua ngumi. Sifuri.
Ngumi.
Halafu kidole kimoja, na si chetu.
Halafu viwili.

Sijui ilianza lini kuwa "yetu".
Mimi ni mtu wa Masasi. Timu ya utoto wangu
ilishuka daraja, ikashuka tena,
mpaka uwanja ukalimwa matuta ya mihogo.

Saa nane na nusu, jumla mbili kwa mbili.
Matuta.
Nilitaka kumweleza kwamba neno hilo kwetu
lina penalti ndani yake, na lina mihogo.
Hapakuwa na nafasi. Mpigaji wa tano alikuwa anarudi nyuma,
hatua tatu, nne,
kipa akaruka,
simu ikaganda.

Kipa hewani. Mpira haupo.
Dakika nzima alielea vile, mikono mbele,
mfano wa mtu aliyesukumwa kutoka kitandani,
na mashine zangu mbili zikinguruma papo hapo
zikila zulia lile lile.
Kisha ukaingia ujumbe wa sauti, wa dada yake:
kelele tupu, hakuna neno.
Furaha au msiba? Kwa lugha nisiyoijua
havina tofauti.

Nemesio alisikiliza mara mbili.
Akakaa juu ya ndoo.
"Tumefuzu," akasema.
"Kwenda wapi?"
"Kufuzu."

Alfajiri nilifuta kioo chote, pande zote,
mpaka kwenye ile alama ya mafuta, mviringo,
ya paji la uso wake.
Nikapeleka kitambaa. Nikakirudisha mfukoni.

Raundi ya pili ni Jumatano.
Nimeshamwambia Bi Lurdes
goti kama lile, kwa baridi hii,
si la kusimamishwa usiku kucha.